Maneno Yangu Katika Ripoti Yenu

6 Januari 1992

Mpwa wangu,

Nakuandikia nikiwa mzima, ila goti la kushoto ndilo linaloninung'unikia asubuhi. Mkaza mjomba wako anakusalimu, anasema kukonda kidogo ruksa, kukonda sana usithubutu. Mama yako hajambo. Bado yuko kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, anapiga pasi mashuka tangu asubuhi hadi saa tisa. Wamempa pasi mpya. Ile ya zamani ilikuwa ikimuunguza kidole kilekile kila siku, kana kwamba wana ugomvi. Kadi yako nilimsomea mara mbili. Mara ya tatu alininyang'anya, akaiweka kwenye sanduku lake la nguo.

Sasa lililonishikisha kalamu. Jumanne gari la serikali lilisimama mlangoni kwangu. Majirani walidhani wamekuja kunikamata, wengine walishaanza kunipa pole kwa macho. Dereva akashuka, akauliza, "Mhandisi yupo?" Mpwa wangu, tangu nistaafu hakuna aliyeniita Mhandisi. Mtaa mzima mimi ni Mzee Bomba. Nikajibu, "Ndiye mimi," nimevaa ndala, moja ya bluu na nyingine nyeupe.

Wameunda kamati ya kutafuta maoni: nani alipie elimu ya juu, serikali au mwanafunzi mwenyewe? Nami nimo. Mwenyekiti wetu ni profesa mmoja mwenye sauti ndogo, lakini akinyamaza yeye, wote wananyamaza.

Unajua sisi tulivyosomeshwa. Serikali ilitulipia kila kitu mpaka sabuni. Nauli ya treni, rula, pesa kidogo ya mfukoni, na mashuka yalibadilishwa kila Ijumaa. Lakini darasa letu zima lingeenea kwenye basi moja. Ninyi mko maelfu, na mfuko ni uleule. Sijaamua. Ndiyo maana nakuuliza wewe uliye ndani ya nyumba: hali ikoje? Usiniandikie kisiasa. Niandikie unachokiona.

Una haja ya kitu?

Mjomba wako


2 Februari 1992

Mjomba, shikamoo.

Barua imefika, na ndala zako zimemchekesha mwenzangu wa chumbani mpaka akajigonga kichwa. Huyu ndiye yule tunayemwita Mrefu, analala miguu ikiwa nje ya kitanda. Tuko wanne kwenye chumba cha wawili, lakini tunaelewana. Msalimie mkaza mjomba, mwambie bado niko kwenye kidogo. Mama mwambie pasi mpya nayo aiogope, zote ni moto.

Masomo yanakwenda. Mwaka huu wa tatu wa ufamasia ndio wenyewe, tumeacha kukariri majina ya dawa na sasa tunazitengeneza. Wiki hii ni dawa ya maji ya homa kwa watoto wachanga. Mizani inayofanya kazi maabara ni moja, kwa hiyo tunapanga foleni kama kwenye mgao wa mafuta ya taa.

Umesema niandike ninachokiona. Kuna tangazo limebandikwa kwenye dirisha la mhasibu, yule tunayemwita Bwana Kesho. Linasema tangu muhula huu kitanda na chakula tunajilipia wenyewe, na asiye na risiti hataingia kwenye chumba cha mtihani. Watu walilisoma, kisha wakaenda kula. Hakuna aliyepiga kelele.

Na nitakuambia jambo la aibu. Jumatano nilipita nyuma ya jiko nikakuta pipa limejaa mikate iliyong'atwa mara moja tu. Mjomba, cha bure watu hawakioni, lakini wanaoitupa ni wale ambao nyumbani kwao mkate haujawahi kukosekana; sisi wengine tunautia mfukoni.

Kuhusu swali lako, mimi nauliza hivi. Ulipolaza mabomba mjini, maji yalimuuliza mtu kama alichangia kumsomesha mhandisi? Nikimpimia mtoto dawa sawasawa akapona, aliyefaidika na masomo yangu ni mimi au ni yule mtoto? Kama ni sote, basi sote tulipe, na mfuko wa sote ni wa serikali. Hivyo ndivyo ninavyoona. Najua nina maslahi. Mwenye njaa haulizwi kama chakula kigawiwe.

Mimi sihitaji kitu. Nipo.

Mpwa wako


8 Machi 1992

Mpwa wangu,

Tumetoka kuzunguka majuma matatu, mgongo umekuwa kama ubao. Nyumbani wote salama. Mama yako nimemsomea barua yako jioni alipotoka kazini, bado ananukia wanga wa mashuka. Ile habari ya mkate ilimfanya acheke, halafu akauliza, "Yeye anautia mfukoni?" Nikamwambia ni maneno tu ya kunogesha barua.

Nataka nikusimulie kitu nilichokisikia. Kwenye mkutano mmoja, ndani ya ukumbi wa shule ya msingi, aliinuka mwanamke fundi cherehani. Utepe wa kupimia ulikuwa bado shingoni. Akasema, "Mabwana wakubwa, mimi nina swali dogo. Sukari ninayonunua ina kodi?"

Mwenyekiti akasema, "Ina."

"Sabuni je?"

"Nayo."

"Mwanangu alifika darasa la nne. Hapa hapa. Alikaa sakafuni, na leo ninyi mmeletewa viti kutoka kwa mkuu wa wilaya. Sasa mimi ninayenunua sabuni, ninawasomesha watoto wa nani huko chuoni?"

Mimi niliandika maneno yake, kisha nikakaa nikiyatazama. Mpwa wangu, hoja yako ya mabomba ni nzuri, lakini mtaa wa yule mama sikulaza bomba. Hakuna aliyelaza. Usiku ule niliwaambia wenzangu labda aliye chuoni achangie, pesa hizo zikanunue madawati ya shule za msingi. Wakatikisa vichwa kukubali. Mwenyekiti akasema, "Mhandisi ana kipimo." Nilijisikia mtu.

Barua yako imetusaidia sana. Niliwasomea kipande.

Mama yako anauliza mambo ya kitanda na chakula mmeyamalizaje. Nimemwambia serikali haiwezi kuwatupa watu walio mwaka wa tatu. Ni kweli?

Mjomba wako


24 Mei 1992

Mjomba, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Natumaini goti limepoa na mkaza mjomba hajambo. Mimi mzima. Mvua zimekuwa nyingi huku, nguo hazikauki.

Yule fundi cherehani amesema kweli. Nimemfikiria sana. Ila sioni kama mimi nikilipa, dawati litakwenda kwa mwanawe. Umemuuliza Mwenyekiti ni nani atakayelibeba dawati kutoka kwa Bwana Kesho mpaka kwenye ukumbi ule?

Mitihani imekwisha. Watu wameondoka.

Barua usizitume tena kwa sanduku la chuo, zinapotea. Andika kupitia kwa Mrefu, anwani nimeiweka nyuma ya bahasha. Yeye ataniletea.

Mama mwambie nakula vizuri.

Mpwa wako


5 Julai 1992

Mpwa wangu,

Salamu kutoka kwa wote. Barua yako fupi, nikadhani kurasa nyingine zimedondoka njiani. Mkaza mjomba wako alikuwa na kikohozi, sasa kimekwisha. Mama yako amehamishiwa upande wa mashuka ya wodi ya wazazi. Anasema damu ya huko ni ngumu kutoka lakini angalau ni ya habari njema.

Hukusema umepata alama gani. Kila mwaka unaandika. Mama yako ameuliza mara mbili, nikamwambia matokeo hayajatoka.

Sisi tumemaliza. Ripoti imetiwa saini na wote, imepelekwa kuchapwa. Siwezi kukuandikia yaliyomo mpaka mheshimiwa waziri aipokee, ila elewa kwamba tulifikia mwafaka. Katika kamati kila mtu huacha kitu mezani. Siku ya saini tulipigwa picha, mimi niko wa pili kutoka kushoto. Gari lilinirudisha mpaka mlangoni, dereva akanibebea mkoba. Tangu siku hiyo halijarudi.

Mama yako ameanza kuzungumza habari ya kitambaa atakachovaa siku ya mahafali yako mwakani. Ameshakiona dukani. Nimemwambia asiharakishe, vitambaa havikimbii.

Andika.

Mjomba wako


16 Agosti 1992

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mko salama. Barua hii usimsomee mama.

Mimi si mwanafunzi tena tangu tarehe saba Aprili. Sikuwa na risiti. Nilikwenda kwenye chumba cha mtihani na kalamu mbili, msimamizi akanyoosha mkono, nikampa kitambulisho. Akasema, "Si hiki." Nyuma yangu kulikuwa na foleni, kwa hiyo nikatoka pembeni ili wengine wapite. Ndivyo ilivyokuwa. Tulikuwa wengi tuliotoka pembeni. Tulisimama ukutani mpaka mlango ukafungwa, halafu kila mtu akaenda zake.

Utauliza kwa nini sikukuomba. Wewe ulikuwa ndani ya kamati ya kuamua nani alipe. Ningekuomba ulipe wakati bado unapima? Na mama ningemwambia nini, auze pasi ya hospitali?

Nilipata kazi kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji, kiko uchochoroni nyuma ya soko la vyuma chakavu. Kina mashine mbili. Moja inatetemesha sakafu, nyingine hailii kabisa kwa sababu imekufa. Mwenye kiwanda tunamwita Mzee Wino, kucha zake hazijapata kuwa nyeupe. Mimi nasahihisha prufu. Kazi yenyewe ni hivi: mimi nashika karatasi ya mwandishi na kusoma kwa sauti, kila neno, kila koma, kila nukta. Mzee Wino anashika iliyochapwa na kufuata kwa kalamu nyekundu. Tunachapa kadi za harusi, daftari za risiti, matangazo ya vifo. Mshahara unatosha kupanga chumba na kula. Sina malalamiko juu ya kazi.

Mwishoni mwa Julai ilikuja kazi kubwa ya serikali. Mashine zao ziliharibika, wakagawa kazi kwa viwanda vidogo. Niliona jalada, nikaona jina la kamati. Nikamwambia Mzee Wino, "Hii naijua." Akasema, "Vizuri, basi utasoma haraka."

Tulifika ukurasa wa arobaini na moja baada ya chai ya saa nne. Nilikuwa nasoma kama ninavyosoma siku zote, bila kusikiliza. Nikasoma: "Mwanafunzi mmoja wa kike wa mwaka wa tatu, koma, akizungumzia mapipa yaliyojaa mikate iliyotupwa, koma, alikiri hivi, nuktambili, fungua mtajo, Cha bure watu hawakioni, nukta, funga mtajo."

Mzee Wino akasema, "Endelea."

Nikaendelea. Sentensi iliyofuata ilisema kwamba kwa hiyo Kamati inapendekeza wanafunzi walipe ada ya masomo pia, juu ya chakula na malazi, kuanzia mwaka ujao.

Mimi niliweka koma, mjomba. Baada ya koma kulikuwa na "lakini". Baada ya "lakini" kulikuwa na mimi.

Fundi cherehani nilimtafuta kitabu kizima. Hayumo. Madawati nayo hayamo. Pesa zitakazolipwa zitabaki chuoni "kuziba pengo", ndivyo ilivyoandikwa. Kwenye ukurasa wa mwisho kuna saini kumi na mbili. Yako naijua, ile yenye mkia kama ndoano. Kuna mahali pa maoni ya waliotofautiana. Pameandikwa "Hakuna".

Ningependa kukuambia nililia au nilitupa karatasi chini. Sikusikia kitu. Tuliimaliza saa kumi, nikanawa mikono, nikaenda kununua mafuta ya taa. Mpaka leo sisikii kitu. Mrefu anasema nimekasirika sana ndiyo maana. Labda.

Niliona si vizuri uendelee kuniuliza alama.

Mpwa wako


1 Novemba 1992

Mpwa wangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Mkaza mjomba wako ameona makaratasi kwenye taka akadhani nimepata mwanamke wa kumwandikia.

Nyumbani wazima.

Nitaanza na jambo lililo baya zaidi. Barua yako ilipofika mama yako alikuwa hapa. Aliitambua bahasha. Akakaa, akafuta mikono, akasema, "Haya, kaka, soma." Ulisema nisimsomee. Ningesema nini, kwamba si yako? Nikaifungua, nikaona mstari wa tarehe saba Aprili, na macho yangu yakiwa juu ya maneno yako mdomo wangu ukasoma mengine. Nilisoma kwamba umefaulu. Nilisoma kwamba mvua zimepungua. Nilikutungia mwalimu anayekusifu. Aliposikia mwalimu amekusifu aliniomba nirudie hapo, nami nikarudia, nikachanganya maneno, akasema, "Mara ya kwanza hukusema hivyo." Nikamwambia mwandiko wako siku hizi ni mbaya.

Sasa la ripoti. Sikukata koma yako kwa mkono wangu. Mimi niliwasomea sentensi nzima, katibu akaandika kipande alichokitaka. Rasimu ilipokuja nilikiona. Nilisema, "Hii haijakamilika." Katibu akasema, "Mhandisi, ripoti ni fupi." Nikanyamaza. Kuhusu fundi cherehani nilisema zaidi. Nilisema madawati yaandikwe, la sivyo mimi nitaandika maoni yangu peke yangu. Mwenyekiti akanitazama, akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Ni haki yako kabisa. Tutakupangia dereva akurudishe nyumbani ukaandike kwa utulivu."

Ni hayo tu. Hakunitisha wala hakunihonga. Lakini nilielewa kwamba nikipanda gari lile sitarudi mezani. Nikaiona barabara ya kwetu, nikajiona nimekaa barazani na ndala zangu, watoto wanapita, "Shikamoo Mzee Bomba". Nikasema, "Basi, haina haja." Nikatia saini ya tano.

Ningekuwa nimenunuliwa kwa bei, ningeona aibu ya kawaida. Mimi nilitaka tu kuitwa jina langu la kazi majuma machache zaidi.

Na bado, mpwa wangu, siwezi kukuambia kwamba naamini serikali ilipe yote. Yule mama wa utepe hanitoki. Naamini kuna jibu lililokuwa kati ya barua yako na swali lake, na sisi watu kumi na wawili tulilipwa tulitafute, tukalikalia.

Sikujua kwamba ulitolewa kwenye mtihani. Ningekuuliza vizuri ungesema. Niliuliza kama mtu anayeuliza hali ya hewa.

Niambie nifanye nini.

Mjomba wako


22 Novemba 1992

Mjomba, shikamoo.

Nimepokea. Salamu kwa wote. Mimi mzima, ila nilipata mafua ya karatasi, vumbi lake linaingia kifuani.

Sina cha kukuambia ufanye. Bunge limepitisha. Tumepewa tena kazi, safari hii ni fomu za malipo za wanafunzi wapya. Zina rangi tatu: nyeupe ya chuo, waridi ya benki, njano ya mzazi. Mzee Wino anasema serikali ikiendelea hivi atanunua mashine ya tatu. Hana ubaya, anapenda kazi.

Jana alikuja msichana mmoja kuuliza kama tunaajiri. Ana cheti cha sekondari, alama nzuri kuliko zangu. Nikamwambia hakuna nafasi. Ni kweli hakuna, nafasi ndiyo mimi.

Jambo moja tu ninalokuomba. Usinitungie tena. Mwalimu yule aliyenisifu simfahamu.

Mpwa wako


6 Desemba 1992

Mpwa wangu,

Nimemwambia.

Nilikwenda chumba cha kufulia saa tisa nikamngoja atoke. Tulikaa kwenye benchi la nje, karibu na mabomba ya maji ya moto. Nikamwambia yote, ya Aprili, ya kiwandani, ya ukurasa wa arobaini na moja, ya saini, na ya barua niliyoitunga. Alisikiliza akiwa anakunja kitambaa chake cha kichwa, anakikunja kwa pembe nne, anakikunjua.

Nilipomaliza akauliza, "Kile alichosema mwalimu, ulikitoa wapi?"

Nikasema, "Kichwani mwangu."

Akasema, "Kilikuwa kizuri." Halafu akainuka. Alitembea mbele yangu mpaka kwenye njia panda, wala hakugeuka. Leo ni siku ya tano hajafika kwangu. Mkaza mjomba wako alimpelekea chakula, akapokea, akamshukuru, akarudisha sahani ikiwa imeoshwa.

Posho ya kamati ninayo, sikuigusa sana. Pamoja nayo nitaongeza. Alhamisi nakuja huko chuoni kwa basi. Si lazima tuonane.

Mjomba wako


17 Januari 1993

Mpwa wangu,

Hukunijibu, nami sikukuona, ila naona ni haki nikueleze nilivyofanya.

Nilifika chuoni asubuhi. Mkuu wa kitivo alinipokea vizuri. Anasema waliotolewa kwenye mtihani wanaweza kurudi Februari, warudie nusu ya pili ya mwaka wa tatu, kwa masharti mapya. Masharti mapya ni yale ya ripoti yetu. Akaniuliza kama nayaelewa. Nikamwambia nayaelewa vizuri kuliko yeye.

Nikaenda kwa Bwana Kesho. Foleni ilizunguka jengo. Mbele yangu palikuwa na mzee muuza ng'ombe, alikuja na pesa ndani ya soksi. Nyuma yangu msichana na kaka yake, hawakusemezana. Nilisimama saa nne. Hakuna aliyenijua, na goti lilinikumbusha kila hatua. Nilipofika dirishani nikataja jina lako, akauliza, bila kuinua kichwa:

"Wewe ni nani wake?"

"Mmoja wa waliotia saini."

"Saini gani? Baba?"

"Mjomba."

"Sema mjomba basi, unachelewesha watu." Akaandika.

Risiti niliiacha kwa Mrefu. Sijalipia kosa langu, kosa halina dirisha. Nimelipa muhula tu. Ukiona huwezi kuipokea, iache ioze.

Nimeandikia gazeti pia, nikasema saini yangu niliitia pasipo kuamini nusu ya maneno, na nikaandika habari ya fundi cherehani kama alivyoisema. Walichapa ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la zabuni ya kokoto. Mwenyekiti hajasema kitu. Jirani yangu mmoja aliniuliza kama ninauza kokoto.

Mama yako ameomba ruhusa kazini. Hasemi anakwenda wapi.

Mjomba wako


14 Februari 1993

Mjomba, shikamoo.

Mama alikuja kwangu.

Nilikuwa nafunga fomu za njano kwa kamba nikamwona amesimama mlangoni na mfuko wake. Nikapiga magoti kumwamkia, akaniinua kwa kiwiko. Mzee Wino akampa kiti, yeye akakaa juu ya bunda la karatasi. Mama akatazama mashine inayotetemesha sakafu, akasema ina joto kama pasi yake. Halafu akasema, "Nionyeshe."

Nikaleta nakala iliyobaki, nikafungua arobaini na moja. Akaweka kidole, nami nikasoma, na koma na nukta zote, kwa sababu sijui tena kusoma vingine. Akasema, "Na ulichosema wewe?" Nikamwambia kilichofuata baada ya koma. Akatikisa kichwa. Akauliza, "Mwishoni wameandika nani atalipa?"

Nikasema, "Sisi."

"Sisi nani?"

Mzee Wino alizima mashine akidhani tumemwita.

Mama alilala kwangu siku mbili. Alifua kila kitu, mpaka pazia. Habari zako hakusema sana. Alisema, "Kaka yangu alinisomea vizuri," kisha baadaye sana, akiwa anageukia ukutani, "Asinisomee tena." Anajifunza herufi kwa muuguzi mmoja wa wodi ya wazazi. Ameniandikia M na A. Ile A imelala.

Risiti nimeichukua. Nilikaa nayo siku nyingi. Nimeichukua kwa sababu ni muhula, na mimi nina dawa za kujifunza kupima. Nikikuambia nimekusamehe nitakuwa natunga. Nikikuambia nakuchukia, nayo ni kutunga. Sijui hata muhula ujao utalipwaje. Mzee Wino amesema nisome prufu Jumamosi na Jumapili.

Jumatatu nilirudi darasani. Viti vimepungua watu, tunakaa kwa nafasi. Mizani bado ni ile moja, ila foleni ni fupi. Mwalimu aliita majina kuanzia la kwanza mpaka la mwisho, nikangoja, langu halikuitwa. Nikanyoosha mkono. Akatazama orodha mbele na nyuma, akanisogezea kalamu, akasema niandike mwenyewe hapo chini.

Nikaandika.

Mpwa wako